Sanduku la Shangazi: Aliyeandika lebo

Barua za mwezi huu nilipozichambua nilikuta nne zinasema jambo moja kwa midomo tofauti, basi nimeziweka pamoja. Kwa msomaji mgeni: mimi si mwanasaikolojia, wala utawala sikuusomea. Nilikuwa fundi umeme wa majengo kwa miaka 29, 11 ya mwisho nikiwa msimamizi wa saiti, na ninachokijua kuhusu watu nimekijua nikiwa na bisibisi mkononi.

"Kila ninachoandika kinasomeka kama wasifu wa marehemu"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi wa lifti, tuko sita kwenye timu. Kati yetu yupo kaka mmoja ana miaka tisa kazini, mkimya kupita kiasi. Tukiwa saiti yeye ndiye anayeshuka kwanza kwenye shimo la lifti. Tukirudi ofisini sisi tunaondoka, yeye anabaki anajaza ripoti, anahesabu spea, anapiga simu za kazi ya kesho. Wiki ijayo tunafunga mwaka na meneja ameniomba niseme dakika mbili kumhusu, kwa kuwa mimi ndiye ninayepangwa naye mara nyingi. Nimeandika na kufuta mara nne. Kila ninachoandika kinasomeka kama wasifu wa marehemu. Halafu mwenzetu mmoja ananiambia niachane na habari hiyo, eti mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nifanyeje?*
*— Fundi wa Lifti*

Marahaba mwanangu. Umenichekesha na huo wasifu wa marehemu, lakini umegusa penyewe. Ngoja nikisie ulichoandika: mchapakazi, anayejituma, anayejitolea kwa moyo wote, mfano wa kuigwa. Nimekosea? Sasa yachukue maneno hayo umvishe mtu mwingine yeyote hapo kazini, hata yule anayeingia saa nne na kutoroka saa nane. Yatamkaa vilevile. Ndiyo maana ulifuta. Sikio lako lilijua kwamba hujamtaja mtu.

Ushauri wangu ni huu: usimsifu, mtolee ushahidi. Shahidi hasimami mbele ya hakimu kusema fulani ni mtu mwema. Anasema nilikuwa mahali fulani, saa fulani, nikaona hivi kwa macho yangu. Waliobaki ndio wanaoamua kama huyo ni mtu mwema, na wakishaamua wenyewe hawasahau.

Na wewe ushahidi unao, sema umeupita mbio. Umeandika "anayeshuka kwanza kwenye shimo" ukaendelea na mambo ya ripoti. Mimi nilisimama hapo. Nimefanya kazi jengo moja na watu wa lifti, nimewaona. Kabla mtu hajaingia chini ya lifti, kitu kilekile kinachoweza kumponda, lazima ahakikishe kwamba hakuna mtu wa juu anayeweza kuiita. Anayeshuka kwanza ndiye anayegundua kama taa ya shimoni inawaka, kama kuna maji chini, kama kitufe cha kusimamisha lifti kinasimamisha kweli au kimebaki pambo. Nyinyi watano mnashuka mahali palipokwisha kujaribiwa na mwili wa mtu mwingine. Miaka tisa. Hebu zidisha mwenyewe ni mashimo mangapi.

Mwaka 1854, New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti lililoinuliwa mbele ya umati wa watu, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, breki ya usalama ikalidaka. Kila anayesimulia habari za lifti huanzia hapo, kwa bwana aliyesimama juu. Mimi nikiisikia huwa namuwaza aliyezikagua zile breki kabla umati haujafika. Lazima mtu alizikagua, hata kama ni Otis mwenyewe. Hakuna aliyempigia makofi kwa hilo.

Kwa hiyo chagua siku moja. Moja tu, usitafute kumi. Jiulize: ni siku gani nilirudi nyumbani salama, au mapema, au bila kugombezwa na mteja, nikaja kujua baadaye kwamba ni kwa sababu yake? Ukiipata, umemaliza. Dakika zako mbili zinaweza kuwa hivi, na kila ambalo si kweli libadilishe:

"Mwezi wa sita tuliitwa kwenye lifti iliyogoma kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Mimi nilikuwa tayari kuagiza bodi mpya ya mitambo. Kaka akasema subiri. Akatoa daftari lake mfukoni, akanionyesha kwamba mlango wa ghorofa ya nne ulishasumbua mara tatu tangu Januari. Tukaenda mlangoni. Kufuli la mlango lilikuwa limelegea, likawa linaiambia lifti kwamba mlango uko wazi. Dakika ishirini tukawa tumemaliza. Lile daftari hakuna aliyemwagiza aliandike. Anayo saba."

Kisha kaa. Usiongeze "kwa kweli ni mfano wa kuigwa." Ukishasema "anayo saba", nyamaza kabisa, waache watu wageuze shingo wamtazame.

Nikusimulie kosa langu mwenyewe, ili usidhani nahubiri kutoka mimbarini. Zamani niliwahi kuwa zamu ya usiku kwenye jengo lililokuwa na vyumba vya mashine zisizotakiwa kuzimika hata dakika moja. Saa saba usiku bomba likapasuka ghorofa ya pili, maji yakaanza kushuka ndani ya dari lenye nyaya. Paneli ya umeme ilikuwa na breka 72, yaani swichi za kukata umeme. Ukizima zote, mashine zinakufa. Ukizima ya kubahatisha, unaweza kuacha ile iliyolowa inaendelea kubeba umeme. Nilizima breka tisa kwa dakika nne, sikukosea hata moja. Asubuhi meneja aliniita mbele ya wote, nikapewa barua ya pongezi. Niliitia fremu.

Ambalo sikulisema: kila breka katika paneli ile ilikuwa na lebo. Mwandiko mdogo ulionyooka, namba ya chumba, kifaa kinacholishwa, tarehe iliyojaribiwa. Zile za safu ya chini ziliandikwa kwa rangi nyekundu, nikazichukulia kuwa ndizo za hatari, sikuzisogelea kabisa. Bila lebo zile ningekuwa nimesimama pale mpaka jua linatoka. Na hazikuandikwa na fundi umeme. Aliziandika mtunza stoo, mzee mmoja mpole, baada ya saa za kazi, wiki tatu mfululizo, kijana mmoja akizima na kuwasha huku yeye akitembea chumba hadi chumba na tochi kuona nini kimezimika. Nilijua. Asubuhi ile mimi napewa barua, yeye alikuwa amesimama mlangoni amebeba boksi la nyaya. Niliulizwa, "Ulifanyaje?" nikajibu nilichofanya mimi. Hakuna uongo hata mmoja nilioutamka.

Sasa huyo mwenzenu na mgema wake. Mwambie mgema yule alisifiwa ovyo, na mtu akisifiwa ovyo anajifunza kwamba sifa zinakuja hata akichakachua. Angeambiwa "la leo halina tone la maji, nimeonja", kesho mkono ungemtetemeka. Maneno matupu ndiyo kilemba cha ukoka. Aliyesemwa kwa jambo alilolifanya kweli anajua umemwangalia.

Lakini kuna matatu uyachunge kabla hujasimama.

Umesema ni mkimya kupita kiasi. Muulize kwanza, faraghani, wiki hii. Wapo watu ambao ni afadhali umpige na spana kuliko umsimamishe mbele ya wenzake. Akikataa, ushahidi wako uandike ukurasa mmoja, upeleke kwa meneja, uombe uingie kwenye faili lake. Kusema kweli hata akikubali, andika. Makofi yanaishia ukumbini, faili ndilo linalofunguliwa siku ya kupandishwa cheo, tena na mtu ambaye huenda hakuwepo ukumbini.

La pili: usimsifu kwa siri ya mtu mwingine. Mtu wa aina hii mara nyingi ameziba makosa ya wenzake kimya kimya. Kijana alisahau kukaza nati, yeye akarudi jioni akaikaza. Ukilisema hilo kwenye kipaza sauti umemvua nguo kijana, na yule uliyetaka kumheshimu utakuwa umemgeuza mchongezi asiyejua.

La tatu ndilo linalonikera zaidi. Hizo ripoti anazobaki kujaza, analipwa saa zake? Ukisimama ukatangaza kwa furaha kwamba mwenzenu hukaa mpaka usiku peke yake, wewe umesema shukrani, meneja amesikia "kumbe inawezekana". Mwaka kesho itakuwa ndiyo kawaida, na kwake itakuwa adhabu. Yule anayebeba kazi ya watu wawili wakati mwingine hahitaji kusifiwa, anahitaji mtu wa pili. Basi kwenye ule ukurasa wako weka na sentensi hii: ripoti, spea na simu za kesho huchukua saa kadhaa kila siku, na zinafanywa na mtu mmoja. Weka saa halisi. Mfuatilie wiki moja uzihesabu.

Kuhusu woga wa kuboronga: mwaka 2018 watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, waliwaandikisha watu barua za kuwashukuru wengine, wakawauliza wakisie mpokeaji atajisikiaje. Waandishi walikisia kwamba wapokeaji wangeona haya kuliko walivyoona kweli, na hawakutegemea kwamba wangefurahi kiasi kile. Yaani unayemwandikia hahesabu makosa ya kisarufi. Wewe tu ndiye unayeyahesabu.

"Majina yote yanayonijia ni ya saiti"

*Dada, habari za kazi. Ninasimamia watu 23. Kumi na watano wako saiti, nane wako ndani: mipango, hesabu, stoo, na wawili wa zamu ya usiku. Nikiulizwa nani amejitoa mwaka huu, majina yote yanayonijia ni ya saiti. Najua si haki. Nimefikiria kuanzisha mfanyakazi bora wa mwezi, picha yake tuibandike ukutani. Bosi wangu anasema hakuna haja, kizuri chajiuza. Wewe waonaje?*
*— Mwenye Watu 23*

Nzuri dada, poleni na majukumu.

Hizo picha za ukutani nimeishi nazo. Mwezi wa kwanza anapewa anayestahili. Wa pili pia. Mwezi wa tano anapewa ambaye bado hajapata, na ukifika wa nane watu wanajua ni zamu ya nani kama wanavyojua zamu ya kufagia. Ukipenda bandika, si dhambi, ila haitakusaidia kuwaona wale wanane.

Kwa nini huwaoni? Kwa sababu kazi yao ikienda sawa haitoi mlio. Unakumbuka mwaka 2000 ulivyokuwa unakuja? Kompyuta nyingi zilikuwa zinahifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu, ikaogopwa kwamba zikifika 00 zitadhani ni 1900. Waandishi wa programu walikesha miaka kadhaa wakizirekebisha. Tarehe 1 Januari ikapita bila balaa kubwa, na watu wakasema: kumbe yote ilikuwa porojo! Mwaka uliofuata, 2001, Nelson Repenning na John Sterman wa chuo cha MIT walitoa makala ambayo kichwa chake peke yake kinatosha: hakuna anayesifiwa kwa kurekebisha matatizo ambayo hayakutokea.

Anayesifiwa ni mzima moto. Na hapo, dada, chunguza vizuri ni nani aliyewasha. Niliwahi kuwa na fundi shujaa, ukimpigia saa nane usiku anakuja, anatengeneza, asubuhi kila mtu anamtaja. Nilimpa zawadi mara mbili. Siku moja nikakaa na kadi za kazi za mwaka mzima, nikaona kwamba sehemu kubwa ya dharura zake ni kazi alizozifunga yeye mwenyewe wiki chache nyuma, kwa haraka haraka. Wakati huohuo nilikuwa na binti mmoja asiyeitwa usiku hata siku moja. Nilimwona hana makali. Kumbe hakuitwa kwa sababu vitu alivyovifunga havikufunguka.

Basi badilisha swali. Badala ya kujiuliza nani amejituma, uliza ni nini hakikuharibika mwezi huu, na kwa nini. Halafu wageukie wale 15 wa saiti, mmoja mmoja, uwaulize: "Leo ulipofika saiti, ulikuta nini tayari?" Nililigundua swali hili nimechelewa, miaka minne kabla sijastaafu, na liliniletea majina ambayo sikuwahi kuyasikia kikaoni. Mtu anaanza, "Sikukuta kitu," anakaa kidogo, "ah, vifaa vilikuwa vimeshafungwa kwa mafungu, kila chumba na fungu lake." Na nani? Hajui. Nenda stoo ukaulize.

Na zamu ya usiku ukaifanye mara moja. Si kwenda kukagua, nenda ukakae mpaka asubuhi. Utaona mambo yanayofanyika saa kumi alfajiri ili mchana uonekane umeanza vizuri wenyewe.

Bosi wako na "kizuri chajiuza", msimulie habari ya Vivien Thomas. Alikuwa Mmarekani Mweusi aliyetaka kusomea udaktari, mwaka 1930 akaanza kazi kwenye maabara ya daktari wa upasuaji Alfred Blalock, kisha fedha alizoweka akiba zikapotea benki zilipoanguka. Ndiye aliyetengeneza na kuijaribu maabarani mbinu ya kuwapasua watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo, wale ambao rangi yao hugeuka samawati kwa kukosa oksijeni. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipoifanya kwa mara ya kwanza kwa mtoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Thomas alisimama juu ya stuli nyuma ya bega lake akimwelekeza. Upasuaji ukapewa jina la Blalock na la Helen Taussig, daktari wa watoto. Makala ya kitabibu ya mwaka 1945 haikumtaja Thomas. Na katika chuo walikoanzia kazi pamoja, pamoja na yote aliyokuwa akiyafanya maabarani, kwenye karatasi alikuwa na cheo na mshahara wa msafisha jengo. Shahada ya heshima alipewa mwaka 1976. Hesabu kutoka 1944. Kizuri kilijiuza, ila hati ya mauzo iliandikwa majina ya wengine.

Ndiyo maana nakuambia, ukishawaona wale wanane, usiishie kuwapongeza. Toa orodha ya vyeo na mishahara, uiweke kando ya kazi wanazozifanya kweli. Kama kuna anayepanga ratiba za watu 15 na cheo chake bado kinasema msaidizi, hapo ndipo pa kuanzia, picha za ukutani zitasubiri.

"Nijitaje, au nitaonekana nina majivuno?"

*Shangazi, mimi ndiye wa nyuma ya pazia. Hesabu na michoro yote ya miradi naandaa mimi, mwenzangu anasimama mbele ya mteja, anapigiwa makofi, anashukuru "timu". Nijitaje, au nitaonekana nina majivuno?*
*— Timu*

Jina ulilojipa limenipendeza.

Jitaje, lakini kabla ya hapo nikuchokoze kidogo. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anafanya sehemu gani ya kazi za nyumbani. Ukijumlisha majibu ya mume na mke, mara nyingi yalizidi asilimia mia. Si kwamba walidanganya. Kila mtu anazikumbuka kazi zake kwa sababu alikuwepo alipozifanya. Mwenzako naye huenda ana usiku wake wa kukaa na mteja mkorofi kwenye simu ambao wewe huujui. Muulize, usidhani.

Halafu mwambie ana kwa ana, kabla ya kikao kijacho: "Ukifika kwenye hesabu, taja kwamba nimeziandaa mimi, na wakiuliza swali nipe nijibu." Sentensi moja, bila kununa. Wengi wanaotaja "timu" ni wazembe wa kutaja majina, si wezi, ukiwakumbusha wanataja. Na kila mchoro unaotoka mikononi mwako uandike kwenye kona: umeandaliwa na fulani, tarehe fulani. Wachoraji wa ramani za majengo wanafanya hivyo siku zote, na hakuna anayewaita wenye majivuno. Akikataa katakata kukutaja hata baada ya kuombwa, niandikie tena, hiyo ni barua nyingine.

"Si nitaonekana kituko?"

*Dada yangu, nilifanya kazi na mwenzangu miaka 14. Alistaafu miaka mitatu iliyopita. Siku ya kumuaga nilikuwa na hasira zangu na ofisi, sikusema neno, na ni yeye aliyenibeba nilipokuwa mgeni pale. Nikimtafuta sasa, si nitaonekana kituko?*
*— Aliyechelewa*

Mpigie, kaka yangu. Miaka mitatu si kitu. Mimi mtunza stoo wangu nilimtafuta baada ya miaka 12.

Niliandika kwenye karatasi kwa sababu nilijua nitababaika. Alipopokea nikamwamkia, nikajitambulisha, nikaanza kumsomea: usiku ule, bomba la ghorofa ya pili, breka 72, dakika nne, barua ya pongezi niliyoitia fremu, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na boksi la nyaya na sikukutaja. Nikamaliza. Upande wa pili kimya. Nikadhani simu imekata.

Halafu akaniambia kwa upole kwamba usiku ule haukumbuki kabisa, mabomba yalipasuka mara nyingi. Na boksi la nyaya alibeba kila siku. Alichokumbuka ni zile lebo. Kalamu ya wino ilimwishia akiwa kwenye breka ya sitini, stoo ilikuwa imeshafungwa hesabu za mwezi na hakutaka kuomba nyingine, basi zilizobaki akazimalizia kwa rangi ya kucha ya binti yake.

Ndiyo maana safu ya chini ilikuwa nyekundu. Miaka yote ile mimi nilikuwa nawafundisha vijana kwamba nyekundu katika paneli ile maana yake usiguse.